Denis Burkitt na rejista za Kuluva: Daktari aliyetafuta chanzo cha maradhi katika ramani na katika sahani

Zaidi ya miaka 30 baada ya kufariki dunia, daktari mpasuaji Denis Burkitt bado anatajwa katika wodi za watoto wenye saratani barani Afrika na katika ushauri wa lishe unaotolewa duniani kote. Kazi yake haikuanzia katika maabara kubwa. Ilijengwa juu ya rejista za hospitali za vijijini, ikiwemo Kuluva, nje kidogo ya mji wa Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda.

Siku hizi mazungumzo kuhusu mimea na afya mara nyingi huhusu kitu kimoja kilichotengwa na kupewa jina: antioksidanti za chai ya kijani, kidonge cha vitamini, unga wa mti fulani unaouzwa kwenye chupa. Burkitt alilitazama suala hilo kwa upana zaidi. Aliuliza watu wa mahali fulani wanakula nini kwa ujumla, na ni magonjwa gani ambayo hawayapati. Maisha yake yanaonyesha jinsi swali hilo lilivyozaliwa, lilivyomletea sifa, na pia mahali ambapo majibu yake yalikwenda mbele ya ushahidi.

Mtoto wa mhandisi na ndege wenye pete

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 karibu na mji wa Enniskillen, Ireland. Baba yake, James Burkitt, alikuwa mhandisi wa jimbo aliyesimamia barabara na madaraja. Katika muda wake wa mapumziko alichunguza ndege wadogo wa bustanini: aliwafunga pete miguuni, akawafuatilia mmoja mmoja, kisha akachora ramani ya eneo ambalo kila ndege alililinda. Uchunguzi huo ulimpatia heshima miongoni mwa wataalamu wa ndege. Miaka mingi baadaye mwanawe angetumia njia inayofanana nao kufuatilia ugonjwa.

Akiwa na umri wa miaka 11, Burkitt alipoteza jicho moja baada ya kupigwa na jiwe shuleni. Mwaka 1929 alijiunga na Chuo cha Trinity, Dublin, kusomea uhandisi kama baba yake. Huko alijiunga na kikundi cha wanafunzi Wakristo waliokutana kusali na kusoma Biblia, na akaamini kwamba anaitwa kuwa tabibu. Aliacha uhandisi, akafuzu udaktari mwaka 1935, kisha akapata sifa za upasuaji mwaka 1938.

Afrika Mashariki haikuwa ngeni katika familia yake, kwani amu yake, Roland Burkitt, alikuwa daktari mpasuaji jijini Nairobi. Hata hivyo, Denis alipoomba kazi katika utumishi wa kikoloni alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alihudumu katika kikosi cha matabibu cha jeshi la Uingereza, na kwa muda alikuwa Afrika Mashariki. Mwaka 1943 alimwoa Olive Rogers, na wakajaliwa mabinti watatu. Vita vilipokwisha aliomba kazi tena. Safari hii alikubaliwa, na mwaka 1946 akapelekwa Uganda.

Lira, kisha Mulago

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, katika wilaya ya Lango. Huko aligundua kwamba wanaume wenye busha walikuwa wengi mno upande mmoja wa wilaya na wachache upande wa pili, ingawa walitibiwa katika hospitali ileile. Tofauti hiyo ilimpeleka kwenye minyoo inayosababisha matende na mbu wanaoieneza. Huo ulikuwa mwanzo wa imani yake kwamba mahali anapotoka mgonjwa panaweza kueleza ugonjwa alionao.

Mwaka 1948 alihamia Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amwangalie mtoto mwenye uvimbe pande zote za taya, juu na chini. Burkitt hakuwahi kuona kitu cha namna hiyo. Muda mfupi baadaye, alipotembelea hospitali ya Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye uvimbe usoni, na alipompima akakuta uvimbe tumboni pia. Alirudi Mulago akafungua rejista za zamani na kugundua kwamba watoto wa aina hiyo walikuwepo kwa miaka mingi. Uvimbe wa taya, wa figo na wa ovari ulikuwa umeandikwa kama magonjwa tofauti, na kumbe ulikuwa ugonjwa mmoja.

Mwaka 1958 alichapisha maelezo yake katika jarida la upasuaji nchini Uingereza, na mwanzoni wachache waliyajali. Baadaye ikathibitika kwamba ni saratani ya tezi za limfu, nayo ikapewa jina lake.

Gari kuukuu na daktari wa Kuluva

Burkitt alitaka kujua saratani hiyo inapatikana wapi na inaishia wapi. Alichapisha vipeperushi vyenye picha akavituma kwa hospitali za serikali na za misheni katika nchi nyingi za Afrika, akiomba madaktari wajibu kama wamewahi kuona watoto wa namna hiyo. Majibu yalipowasili aliyaweka kwenye ramani ukutani. Ukanda mpana ulijitokeza katikati ya bara, lakini mpaka wake wa kusini haukuwa wazi. Njia pekee ilikuwa kwenda kuona mwenyewe.

Hapo ndipo Kuluva inapoingia katika historia hii. Hospitali hiyo ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 na wamisionari wa Africa Inland Mission, chini ya uongozi wa Dokta Ted Williams na mkewe Muriel, waliokuwa wamefika West Nile miaka ya 1940. Nduguye Ted, Peter, ambaye naye alikuwa daktari, aliungana nao. West Nile ya wakati huo ilikuwa wilaya moja kubwa, kuanzia Koboko, ilipopakana na Kongo na Sudan ya enzi hizo, hadi nchi ya Waaluri upande wa kusini. Ted Williams alikuwa tabibu, fundi wa magari na mjenzi kwa wakati mmoja. Zaidi ya yote, alikuwa mtunza kumbukumbu hodari: kila mgonjwa wa saratani aliyemhudumia aliandikwa pamoja na mahali alipotoka.

Tarehe 7 Oktoba 1961, Burkitt, Williams na daktari wa tatu kutoka Kanada, Cliff Nelson, waliondoka Kampala kwa gari kuukuu aina ya Ford la mwaka 1954. Kwa wiki 10 walisafiri takriban kilomita 16,000 hadi Afrika Kusini na kurudi, wakipitia hospitali 57. Safari nzima iligharimu chini ya pauni 700. Kila walipofika walionyesha picha, wakauliza maswali na kupekua rejista. Gari lilipoharibika, ujuzi wa Williams uliwaokoa.

Walichokipata hakikuwa kingo za ramani walizozitarajia. Saratani hiyo haikuonekana katika nyanda za juu zenye baridi wala katika maeneo makavu sana. Ilifuata joto na mvua, kama yafanyavyo magonjwa yanayoenezwa na mbu. West Nile na Lango zilikuwa ndani ya eneo lake, ilhali milima ya kusini magharibi mwa Uganda ilikuwa nje. Wanasayansi walikuja kuihusisha picha hiyo na malaria, ambayo hudhoofisha kinga ya mtoto.

Miezi michache kabla ya safari hiyo, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara jijini London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwepo mtafiti kijana, Anthony Epstein, ambaye aliomba vipande vya uvimbe vitumwe kwake kwa ndege kutoka Uganda. Mwaka 1964 Epstein na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, walitangaza kugundua ndani yake virusi ambavyo leo huitwa Epstein-Barr. Hivyo vilikuwa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Kumbukumbu za Kuluva ziliendelea kutoa matunda. Mwaka 1967 Williams na watafiti wenzake walichapisha uchambuzi wa wagonjwa wa West Nile wa miaka ya 1961 hadi 1965, wakionyesha jinsi walivyotokea kwa makundi katika nyakati na maeneo yaliyokaribiana. Katika miaka ya 1970, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilichukua damu ya watoto wapatao 42,000 wa West Nile ili kuchunguza uhusiano kati ya virusi hivyo na saratani. Matokeo ya mwaka 1978 yaliutilia nguvu uhusiano huo.

Kwa wazazi, habari kubwa zaidi ilikuwa tiba. Mulago haikuwa na mashine za mionzi, hivyo Burkitt alijaribu dawa mpya za saratani zilizotolewa na kampuni na watafiti wa nje. Baadhi ya watoto walipona baada ya dozi chache tu, wakati ambapo saratani nyingi za watoto zilihesabiwa kuwa hukumu ya kifo. Mwaka 1967 kituo cha kutibu saratani hiyo kilifunguliwa Mulago, nacho kikawa mbegu ya Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Kutoka kwenye uvimbe hadi kwenye unga

Burkitt alirejea Uingereza mwaka 1966 kufanya kazi na Baraza la Utafiti wa Tiba. Mwaka uliofuata alikutanishwa na Peter Cleave, aliyekuwa daktari wa jeshi la majini, aliyeamini kwamba maradhi mengi ya nchi tajiri yanatokana na sukari na unga mweupe. Wengi walimwona Cleave kuwa mtu wa ajabu. Burkitt alimsikiliza kwa makini, kwa sababu maneno yake yalilingana na jambo aliloliona kwa miaka 20 bila kulitilia maanani.

Katika hospitali za vijijini Uganda, mpasuaji aliweza kukaa muda mrefu bila kuona mgonjwa mwenye uvimbe wa kidole tumbo, mawe kwenye nyongo au saratani ya utumbo mpana. Nchini Uingereza hayo ndiyo yaliyojaza vyumba vya upasuaji. Burkitt alirudia mbinu ya vipeperushi: alituma fomu za maswali kwa hospitali zaidi ya 100, nyingi zikiwa za misheni barani Afrika na Asia, akiomba kila mwezi idadi ya wagonjwa wa magonjwa hayo. Majibu yalionyesha tofauti ileile.

Cleave alilaumu kilichoongezwa kwenye chakula. Burkitt, akisaidiwa na Hugh Trowell, rafiki yake wa Mulago, alianza kuangalia zaidi kilichoondolewa, yaani nyuzinyuzi, sehemu ya mmea isiyosagwa na tumbo na ambayo kinu cha kisasa huitupa pamoja na pumba. Neno la kitaalamu la nyuzinyuzi za chakula lilikuwa limeanza kutumiwa mwaka 1953 na daktari wa Australia, Eben Hipsley, lakini ni Burkitt na Trowell walioliingiza katika mazungumzo ya kila siku.

Ili kupata ushahidi, Burkitt alipima jambo ambalo madaktari wengi waliona haya kulizungumzia. Mwaka 1972, pamoja na Alec Walker wa Afrika Kusini na Neil Painter wa Uingereza, alichapisha vipimo vya haja kubwa. Kwa wanakijiji wa Uganda, chakula kilichukua wastani wa saa 36 kupita mwilini, na haja kubwa ya siku ilikuwa na uzito wa gramu 470. Kwa wanamaji wa Uingereza na wake zao, muda huo ulikuwa saa 83 na uzito gramu 104. Burkitt alieleza kwamba chakula chenye nyuzinyuzi hupita haraka na kwa wingi, hivyo kemikali zenye madhara hupungua nguvu na hazikai muda mrefu kwenye ukuta wa utumbo.

Mlo wa West Nile wa miaka hiyo unaonyesha alichokuwa akikizungumzia: ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama au ulezi, maharage, kunde na majani yake, ufuta na karanga. Nafaka ilisagwa bila kukobolewa, na nyama ilikuwa ya siku maalumu.

Pale hoja ilipopingwa

Burkitt alikuwa mhubiri kwa tabia. Alizunguka dunia akiwa na slaidi zake, na kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu nyuzinyuzi kiliuzwa sana. Alipenda kuonyesha mchoro wa madaktari wanaopiga deki sakafu iliyofurika maji, huku hakuna anayekwenda kufunga bomba.

Wakosoaji wake walikuwa na hoja nzito. Rejista ya hospitali haimhesabu mgonjwa ambaye hakufika hospitali. Saratani ya utumbo mpana huwapata zaidi wazee, na katika vijiji vya wakati huo wengi hawakuishi hadi uzee. Tena mwanakijiji wa Uganda alitofautiana na Mwingereza katika mambo mengi, si katika unga peke yake: alitembea zaidi, hakuwa mnene, na alikula nyama kidogo.

Tafiti zilizofuata hazikumpa ushindi kamili. Mwaka 1999 uchunguzi wa wauguzi wa kike zaidi ya 88,000 nchini Marekani haukuona kinga iliyotokana na nyuzinyuzi. Mwaka 2003 utafiti wa watu karibu nusu milioni katika nchi 10 za Ulaya ulionyesha kwamba waliokula nyuzinyuzi nyingi walipata saratani hiyo kwa kiwango kidogo zaidi. Mwaka 2015 watafiti waliwabadilishia chakula Wamarekani weusi 20 na Waafrika Kusini 20 wa vijijini kwa wiki mbili. Dalili za hatari katika utumbo zilipungua kwa waliopewa mlo wa kijijini na kuongezeka kwa waliopewa mlo wa Kimarekani. Leo Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kwa mtu mzima. Madai ya Burkitt kuhusu bawasiri na baadhi ya magonjwa mengine hayajathibitika kwa kiwango hicho.

Antioksidanti na kidonge

Mabishano hayo yanasaidia kuelewa habari za antioksidanti. Chai ya kijani na chai ya kawaida hutokana na mmea mmoja. Tofauti ni kwamba majani ya chai ya kijani hupashwa moto mapema, hivyo hubaki na katekini nyingi zaidi, ambazo ni aina ya polifenoli. Katika maabara, polifenoli huzuia molekuli zinazoharibu seli. Lakini mwili si chupa ya maabara, na kutenga kiini kimoja cha mmea kumewahi kuleta hasara. Katika miaka ya 1990, majaribio makubwa ya vidonge vya beta-karotini nchini Finland na Marekani yaligundua kwamba wavutaji sigara waliovimeza walipata saratani ya mapafu zaidi ya wasiovimeza. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya kwamba vidonge vyenye miligramu 800 au zaidi kwa siku za katekini kuu ya chai ya kijani vinaweza kudhuru ini. Chai yenyewe, ikinywewa kwa kawaida, haikuonekana kuwa na hatari hiyo.

Polifenoli hazipatikani katika chai peke yake. Zimo katika mtama mwekundu, maharage na mboga za majani, na sehemu yake husafiri zikiwa zimeshikamana na nyuzinyuzi hadi kwenye utumbo mpana, ambako bakteria huzivunja. Hivyo mlo ambao Burkitt aliusifu kwa ajili ya nyuzinyuzi ulikuwa na mengi ambayo vipimo vya wakati wake havikuyaona.

Ujumbe kwa waliohama

Burkitt alijali sana habari za wahamiaji. Alieleza mara kwa mara kwamba Wajapani waliohamia Hawaii na Waafrika waliopelekwa Marekani walikuja kupata magonjwa ya nchi mpya, ingawa damu yao ni ileile. Kwake, huo ulikuwa uthibitisho kwamba mengi ya maradhi hayo hayarithiwi, na kwa hiyo yanaweza kuepukwa.

Hoja hiyo inazigusa moja kwa moja familia za Afrika Mashariki zinazoishi ughaibuni. Mara nyingi ugali hubaki mezani, lakini unga huwa mweupe, maharage huonekana chakula cha shida, na soda huchukua nafasi ya maji. Mtu huamini bado anakula chakula cha kwao, ilhali sehemu iliyowalinda wazazi wake imebaki kiwandani. Hakuna dawa ya gharama inayohitajika kurekebisha hilo. Unga usiokobolewa, kunde, dengu na sukuma wiki hupatikana katika maduka mengi ya kawaida. Mwenye dalili kama damu kwenye haja kubwa au mabadiliko ya choo yasiyoisha asitegemee chakula wala chai. Amwone daktari mapema, na aitikie mwaliko wa uchunguzi wa saratani ya utumbo mpana pale serikali inapoutoa.

Burkitt alistaafu mwaka 1976 lakini aliendelea kuandika na kusafiri. Alikuwa amepokewa katika Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi ya Uingereza mwaka 1972, mwaka uleule alioshiriki tuzo ya Lasker ya Marekani kwa kazi yake ya kutibu saratani. Alifariki dunia tarehe 23 Machi 1993 mjini Gloucester, akiwa na umri wa miaka 82.

Hospitali ya Kuluva bado inahudumu, sasa ikiwa chini ya Dayosisi ya Madi na West Nile ya Kanisa la Uganda. Saratani ya Burkitt bado inawapata watoto katika ukanda wa malaria, na wengi wao hupona wakifikishwa hospitali mapema. Mzazi anayeona uvimbe kwenye taya au tumbo la mtoto wake, meno yakilegea bila sababu, asisubiri uishe wenyewe.